Shomeri asiyehesabiwa: maneno kwa vijana wa Bukavu



Naanza na swali. Humu ndani, nani iko na kazi? Nyosha mkono. Naona mikono michache. Sasa, nani ni shomeri? Tena michache. Basi ninyi wengine muko wapi? Njo juu yenu nataka kusema leo.

Mu ripoti za dunia, kiwango cha shomaji hapa Kongo hakifiki 10 kwa 100. Afrika Kusini kinapita 30 kwa 100. Je, vijana wa Johannesburg watakuja kutafuta kazi Kadutu? Munacheka. Lakini hakuna aliyedanganya: yote inategemea namna ya kuhesabu.

Kwa kanuni ya Shirika la Kimataifa la Kazi, mutu aliyefanya kazi hata saa 1 mu juma moja, kwa malipo ao kwa faida, anaandikwa kwamba iko na kazi. Ili uitwe shomeri, lazima mambo 3 yapatane: hukufanya hata hiyo saa 1, uko tayari kuanza, na ulitafuta kazi mu majuma 4 yaliyopita.

Tuchukue vijana 3 wa avenyu moja. Wa kwanza anauza unite pale Nyawera, jioni anarudi na franka za kununua unga tu. Hesabu inasema: iko na kazi. Wa pili iko na diplome ya universite. Alipeleka barua kila biro, akachoka, akaacha. Hesabu inasema: huyu si shomeri, kwani hatafuti tena. Wa tatu ni dada. Anachota maji, anapika, analea wadogo zake tangu asubuhi mpaka usiku. Hesabu inasema: iko nje ya soko la kazi.

Watu 3 wenye shida, na shomeri ni 0! Tulipochoka kutafuta, shomaji ilishuka.

Mu inchi isiyo na malipo ya shomaji, nani anaweza kukaa bure mwezi mzima? Mutu anabeba mizigo, anauza sambaza, anapanda moto. Njo maana namba inakuwa ndogo. Hata mfanyakazi wa banki iliyofunga milango mwaka 2025, kama leo anauza makala mbele ya nyumba, kwa hesabu hiyo hakupoteza kazi, alibadilisha tu.

Wenye kutunga kanuni waliona tatizo hilo. Mwaka 2013, kule Geneva, walikubaliana kwamba shomaji peke yake haitoshi. Inafaa kuhesabu pia wenye kufanya saa chache na wanataka zaidi, na wale wanaotaka kazi lakini waliacha kuitafuta. Tena walikubali kwamba kuchota maji na kulea ni kazi, hata kama hailipwe. Kwa hiyo dada yetu hakai bure, na asiambiwe tena hivyo.

Sasa tuangalie kwetu. Leta ilihesabu watu wote mara ya mwisho mwaka 1984, wakati wa Zaire. Wengi wenu hamukuwa mumezaliwa. Uchunguzi mkubwa juu ya kazi na biashara ndogo, ule wa 1-2-3, ulifanyika 2004-2005 na tena 2012. Kijana aliyekuwa na miaka 10 wakati ule, leo ni baba ao mama.

Juu ya nini hii inatuhusu? Kwa sababu mutu akituahidi kazi elfu ngapi, tutapima na nini? Asiyehesabiwa hana nafasi mu bajeti.

Kuhesabu inchi nzima ni kazi ya Leta, na tutaendelea kuidai. Lakini kila mmoja anaweza kuanza na avenyu yake. Chukua daftari, uliza maswali 4: Juma lililopita ulifanya kazi saa ngapi? Ilikutosha? Ungetaka kazi nyingine? Kama hutafuti, juu ya nini? Usiandike jina la mutu, na usimlazimishe kujibu. Daftari hilo halitakuwa hesabu ya mji mzima, lakini litaonyesha kile ambacho ile namba moja inaficha.

Na kesho mutu akikuambia shomaji Kongo ni kidogo, muulize: mulimhesabu nani, na mulimwacha nani?