Gamba la Perege Chini ya Hadubini

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimepewa dakika kumi, na harufu ya pilau imekwisha fika ukumbini. Basi nitasema habari ya samaki.

Aliyefuga perege anajua kuwa samaki yule yule huwa mweusi akiwa topeni, na hupauka akitiwa katika beseni jeupe. Wengi hudhani rangi imetoka, kama kanga inavyochuja. Haikutoka. Katika ngozi nyembamba inayofunika gamba mna seli za rangi zenye matawi kama mizizi, na ndani yake punje nyingi nyeusi za melanini. Punje zikitawanyika hadi ncha za matawi, samaki huwa mweusi. Zikikusanyika katikati ya seli, hupauka. Seli yenyewe hainywei. Matawi yapo, ila ni matupu.

Amri hutoka kwa kemikali. Ng'oa gamba la mgongoni, liweke katika maji yenye chumvi ya kawaida gramu 7 hivi kwa lita, nawe utaona punje zimetawanyika. Dondoshea adrenalini: baada ya dakika chache seli iliyokuwa kama buibui imekuwa nukta. Osha kwa maji yale ya chumvi, na punje hurudi nje, polepole zaidi. Adrenalini haingii ndani. Hupiga hodi kwenye kipokezi kilicho juu ya seli, na habari ikapokelewa humo. Ndani mna nyuzi zilizopangwa kama spoki za baiskeli. Protini iitwayo daineini huburura punje kwenda kati, na kinesini huzirudisha pembeni.

Sasa tia kloridi ya potasiamu badala ya adrenalini. Punje hukusanyika vile vile! Lakini potasiamu haikuiamuru seli. Imechochea ncha za neva zilizobaki katika gamba, nazo ndizo zilizomwaga noradrenalini. Tunajuaje? Neva zikikatwa, zikaachwa siku kadhaa mpaka zife, potasiamu haifanyi kitu, na adrenalini bado hufanya kazi. Jaribio hilo humfundisha kijana kutomkamata mtu wa kwanza aliyeonekana mlangoni.

Wala si mchezo wa samaki tu. Mwaka 1958 Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale, daktari wa ngozi aliyekuwa akitafuta dawa ya mbalanga, alitangaza kitu alichokitoa katika tezi ndogo ya ubongoni mwa ng'ombe, kilichopausha ngozi ya chura. Akakiita melatonini. Mbalanga hakikutibu; leo tunajua kuwa huuarifu mwili kwamba usiku umeingia.

Ndugu Mwenyekiti, mfuko wetu watosha lango jipya au hadubini za maabara, si vyote viwili. Lango ni zuri, nami napenda kuona jina la shule kwa herufi kubwa. Lakini vijana hawa husoma seli kwa kunakili mchoro wa ubaoni. Perege wapo sokoni, chumvi ipo jikoni. Kilichokosekana ni cha kutazamia.

Kura itapigwa saa kumi. Kabla ya hapo, baada ya chakula, nitakuwa maabara na hadubini niliyoazima. Perege wamo kwenye beseni.