Kambi ya Likizo ya Juni na Umoja wa Wazazi wa Watoto Wenye Ulemavu

Mada kwa semina ya wazazi na walezi, Songea



Kila Juni shule zinapofungwa, sisi wazazi hukutana langoni mwa bweni. Tunasaini daftari la matroni, tunafunga mizigo, tunawahi gari la Tunduru au la Mbamba Bay. Watoto wetu wa shule za Ruhuwiko na Luhira wameishi pamoja muhula mzima, wanajuana kwa tabia na kwa utani. Sisi hatujuani hata majina. Napendekeza tuanzishe kambi ya likizo, kwa faida ya watoto na zaidi kwa faida yetu.

Juni ni mwezi mgumu. Mahindi yanavunwa, Mbinga kahawa imeiva, kila mwenye nguvu yuko shambani. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo huachwa na bibi, au hufungiwa ndani. Tusiharakishe kuwaita wazazi hao wakatili: wengi hawana wa kumwachia. Mtoto kiziwi naye, aliyekuwa akizungumza kutwa bwenini kwa lugha ya alama, anafika nyumbani hakuna anayemwelewa, hata mama yake mzazi. Hilo linaniuma kuliko yote.

Kambi iwe ya siku tano, katika mabweni yanayobaki matupu. Watoto wacheze, wale viziwi watufundishe alama. Kila familia itoe mzazi wa kukaa siku mbili kwa zamu, ili mavuno yasisimame. Siku hizo mbili ndizo kiini cha pendekezo langu. Nimeshuhudia, kwenye foleni ya mazoezi ya viungo, mama akihangaika kumlisha mwanawe uji: kichwa kimelala nyuma, mtoto anapaliwa. Mama wa pembeni akasogea, akamkalisha wima, akainamisha kichwa mbele kidogo, akategemeza kidevu kwa vidole viwili. "Taratibu, dada, mwache ameze kwanza." Kikombe kikaisha. Ujuzi huo aliupata kwa kulea, na bila foleni ile wasingekutana.

Wengine wametutangulia. Huko Marekani, jimbo la New York, palikuwa na kambi ya vijana wenye ulemavu iliyoitwa Camp Jened, kuanzia 1951 hadi 1977. Judith Heumann, aliyekataliwa shule akiwa na miaka mitano kwa sababu ya kiti chake cha magurudumu, alipita hapo. Mwaka 1977 aliongoza wenzake, baadhi yao wa kambi hiyo, kukalia ofisi ya serikali San Francisco kwa zaidi ya wiki tatu hadi kanuni za haki zao zikasainiwa. Kabla ya hapo mama yake, pamoja na wazazi wengine, walikuwa wameshaibana mamlaka ya elimu ifungue sekondari zinazofikika.

Sisi tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Mzazi mmoja akienda nayo halmashauri huambiwa arudi kesho. Wakienda arobaini watapewa viti.

Gharama zipo. Chakula kisitutishe, maana Juni kila kaya ina debe la mahindi. Nauli ndiyo mzigo, na hapo tuchange kama tunavyochanga kwenye vikoba. Usalama usipunguzwe hata kidogo: dawa za kifafa zije na kadi ya kliniki, na mtoto asiogeshwe na mtu mzima mmoja peke yake.

Naomba kabla hatujatawanyika leo, kila mzazi aandike jina, kijiji na namba ya simu kwenye daftari lililoko mezani, na tuchague watano wa kwenda kwa Afisa Elimu Maalumu kuomba mabweni.