Madoa ya maji: maneno kwa vijana wetu wanaoosha magari



Nimeombwa kusema juu ya madoa. Vijana wetu hapa Baraka wanaosha magari kwenye parseli, na sehemu ya mafranga inaingia katika kasa ya kusaidiana. Sasa mashofere wawili wamelalamika: gari imeoshwa, lakini iko na vidoti vyeupe. Wakienda kwingine, kasa inapunguka, na ile kasa ndiyo inamnunulia sufuria mama aliyefika juzi toka Nyarugusu.

Vile vidoti si uchafu. Maji ya Tanganyika iko na chumvichumvi nyingi, zaidi ya manyezi. Tone likikaushwa na jua, maji inapanda, chumvi inabaki imeshika rangi. Kuongeza sabuni hakusaidii kitu. Sabuni nayo ikikauka inaacha alama yake.

Kwa hiyo, osheni mapema asubuhi ama kisha saa kumi, kwenye kivuli. Weka mkono juu ya kapo: kama iko moto, ngoja kwanza. Mwembe ni kivuli kizuri, ila unadondosha utomvu, afazali ukuta. Mwaga maji mavumbi itoke, juu mavumbi ya barabara ni muchanga, ukiisugua kavu inakwaruza rangi. Ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuza eponji. Anza juu, malizia na mipira, na mipira iwe na kitambaa chake. Ukiosha upande mmoja, usuuze palepale, usingoje gari yote.

Maji ya mwisho ndiyo kazi yenyewe. Tumieni ya mvua, haina ile chumvi. Acha mvua ya kwanza ioshe mabati, kisha kinga. Bidoni moja ya lita 20 inatosha kama unamwaga polepole toka juu, bila kurusha: maji inateremka kama shuka na inabeba matone. Ukirusha, unapanda matone mapya. Kisha kausha mara moja kwa kitambaa laini kilichokamuliwa, kivute, usisugue. Fungua milango, pangusa nyuma ya vioo vya pembeni na plaki, maji inajificha pale na inashuka wakati shofere tayari ameondoka. Kiangazi, kama mvua hakuna, kukausha haraka ndiyo dawa iliyobaki.

Doa la zamani? Siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, dakika moja, suuza, kausha. Hapana muchanga, hapana waya ya kusugulia sufuria.

Mmoja aliuliza kwa nini tusiingize gari kwenye ziwa tu. Mafuta ya injini inaingia pale wamama wanachota, na kipindupindu tunakijua hapa. Tena chumvi ni ileile.

Bidoni mbili za mvua ziko tayari kwenye hangari. Zifunikwe, na mtu asizitumie kwa mipira.