Miaka Miwili ya Uuguzi: Tuulize Kabla ya Kulipa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Thika)



Sisi mnaotuona hapa ni watu wa reli. Tulisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, kisha tukaingia kazini. Basi msidhani tumekuja kuwafundisha uuguzi. Tumekuja kuwaambia jambo lililotupata, ili lisiwapate ninyi.

Mwenzetu mmoja wa genge la Ruiru ana binti aliyetaka sana kuwa muuguzi. Chuo kimoja, ambacho hatutakitaja, kilimwahidi kwamba kwa miaka miwili tu binti atakuwa muuguzi aliyesajiliwa. Kilisema hata Marekani ni hivyo hivyo. Mwenzetu alipotuomba shauri, tulimwambia miaka miwili ni bora kuliko mitatu, maana karo ya mwaka mzima imeokoka. Akauza ng'ombe, akakopa katika chama cha akiba. Binti alisoma kwa bidii, akapewa cheti chenye muhuri mkubwa. Alipokipeleka hospitali kuomba kazi, aliulizwa namba yake ya Baraza. Hakuwa nayo. Chuo kile hakikuwa kimekubaliwa kufundisha wauguzi.

Leo binti huyo anauza mboga sokoni, na mkopo ungali unakatwa katika mshahara wa baba yake kila mwezi. Kosa si la baba peke yake. Ni letu pia, kwa kuwa tulitoa shauri katika jambo tusilolijua.

Ndipo tukaanza kuuliza, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Katika Kenya, mwenye neno la mwisho juu ya uuguzi si chuo, bali ni Baraza la Wauguzi, kwa Sheria ya Wauguzi ya mwaka 1983. Baraza hukubali vyuo, huwaandika wanafunzi wakiwa bado masomoni, huwapa mtihani, kisha huwasajili na kuwapa leseni. Mwanafunzi asiyeandikwa na Baraza hawezi kukaa katika mtihani wake, hata akiwa hodari namna gani.

Mtu aliyetoka sekondari akitaka diploma ya muuguzi aliyesajiliwa, husoma miaka mitatu au zaidi kidogo. Hujifunza kuuguza wagonjwa, ukunga, na afya ya jamii, na sehemu kubwa ya wakati huo yuko wodini, mchana na usiku. Akitaka digrii, ni miaka minne. Wala si lazima kwenda mbali. Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, kilichoanza mwaka 1927, kina tawi hapa hapa Thika, na Chuo Kikuu cha Mount Kenya kilichoko mjini humu kinafundisha uuguzi pia.

Je, miaka miwili ni uongo mtupu? La. Iko njia ya kweli ya namna hiyo, lakini ni ya mtu ambaye tayari ni muuguzi wa cheti, yaani wa daraja la chini ya aliyesajiliwa. Mwaka 2005 shirika la AMREF pamoja na Baraza walianzisha masomo kwa njia ya kompyuta ili wauguzi wa namna hiyo wapande daraja bila kuacha kazi zao. Walisoma kwa miaka kama miwili, huku mshahara unaingia na wagonjwa wanahudumiwa. Hilo lilikuwa jambo jema kwa wafanyakazi.

Na habari ya Marekani ni kweli. Tangu miaka ya 1950 kuna vyuo vya huko vinavyofundisha wauguzi kwa miaka miwili. Lakini huko nako chuo lazima kikubaliwe, na mwanafunzi lazima ashinde mtihani wa leseni. Yule bwana wa chuo alitupa nusu ya habari, nasi tukaichukua kuwa nzima.

Ndugu zangu, ninyi mnajua kazi yetu. Dereva haondoi gari la moshi stesheni kwa kuwa abiria wana haraka. Hungoja ruhusa ya njia. Na sisi tungoje ruhusa kabla ya kutoa shilingi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa karo, kila mzazi aulize maneno matatu. Je, chuo hiki kimo katika orodha ya Baraza, na kwa masomo haya haya? Je, mtoto wangu ataandikwa na Baraza lini, na nitaonyeshwa namba yake? Je, atafanya kazi ya wodini katika hospitali gani? Tena majibu yasitoke chuoni peke yake. Baraza lenyewe liulizwe.

Tunaomba mkutano huu ukate shauri leo: wachaguliwe watu wawili, mmoja wa Thika na mmoja wa Ruiru, wa kumsaidia mwanachama yeyote kuuliza kabla hajakopa. Kuuliza hakutatugharimu kitu. Kutouliza, tumekwisha ona gharama yake.