Bibi Si Mchawi, Anaumwa



Leo tuongee kuhusu ubongo wa wazee. Wengi tunaamini seli za ubongo zikifa, basi, hazizaliwi nyingine. Mwaka 1998 Peter Eriksson wa Sweden na Fred Gage wa Marekani walichunguza ubongo wa wagonjwa wa kansa waliofariki. Walipokuwa hai, walichomwa sindano ya dawa inayotia alama seli mpya. Alama zikaonekana kwenye hipokampasi, sehemu inayojenga kumbukumbu mpya. Mkubwa wao alikuwa na miaka 72!

Ubishi ukazuka. Mwaka 2018 watafiti wengine walizitafuta seli hizo kwa watu wazima wasizione. Mwaka 2019 kundi la Madrid, Hispania, liliziona hata kwa mzee wa miaka 87. Lakini kwa wenye ugonjwa wa Alzheimer zilikuwa zimepungua sana.

Alzheimer ndiyo chanzo kikuu cha ugonjwa wa kusahau uzeeni. Mgonjwa anauliza swali lile lile mara kumi, anapotea njia ya nyumbani, anatangatanga usiku. Dawa ya kuuponya bado haijapatikana.

Sasa sikiliza. Mtaani watasema, "Yule bibi mchawi, anatembea usiku." Usikubali! Hapa Tanzania vikongwe wameuawa kwa maneno kama hayo. Washauri wakubwa nyumbani wampeleke hospitali. Akiuliza mara ya kumi na moja, mjibu kwa upole.

Je, kwenu yupo mzee anayesahau? Ukirudi leo, mwamkie, kaa naye.