Nani Amteue Mgombea wa Urais?

Ndugu wananchi, wakazi wa Kaloleni, Jericho, Bahati, Umoja na Kayole,

Tuna neno moja la kuwaambia: ni nani humteua mtu wa kupeperusha bendera ya chama katika uchaguzi wa rais, na kura zake huhesabiwa mbele ya nani?

Tunaukumbuka mlolongo wa 1988. Katika mchujo wa KANU wa viti vya Bunge, wapiga kura walipanga foleni nyuma ya mawakala walioshika picha za wagombea. Aliyepata asilimia 70 alihesabiwa amepita bila kupingwa. Mahali pengi foleni fupi ilitangazwa kuwa ndefu. Karatasi za kura hazikuwapo. Watu walipotawanyika, ushahidi ulitawanyika pamoja nao.

Vyama vingi viliporudi Desemba 1991, swali hilo lilirudi navyo. FORD ilipasuka mwaka wa 1992, na sababu mojawapo ilikuwa njia ya uteuzi: upande wa Matiba ulitaka kila mwanachama apige kura, upande wa Oginga Odinga ulitaka wajumbe. Desemba 29, Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 tu. Matiba, Kibaki na Odinga waligawana zaidi ya asilimia 60. Nairobi iliupa upinzani viti 7 kati ya 8, lakini Ikulu haikubadilisha mwenyeji.

Mwaka wa 2002 Moi alimtaja Uhuru Kenyatta, na wajumbe wa KANU wakamwidhinisha Kasarani. Chama kikameguka, Kibaki akashinda kwa asilimia 62. Septemba 2007, papo hapo Kasarani, wajumbe wa ODM walipiga kura: Raila Odinga 2,656, Mudavadi 391, Ruto 368. Hesabu ilitangazwa, na walioshindwa wakabaki chamani. Hiyo ilikuwa hatua njema. Hata hivyo, waliopiga kura ni wajumbe, si mwanachama wa kawaida wa mitaa hii.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kila mwanachama apige kura ya siri. Sajili ya wanachama itundikwe mapema, ikaguliwe. Kura zihesabiwe kituoni, na matokeo yaliyotiwa sahihi na mawakala wote yabandikwe mlangoni kabla ya sanduku kuondoka.

Ndugu zetu, chama kisichotuamini kuteua kitatuombaje kura? Tukiulizwe swali hilo kila chama kitakachokuja kupiga hodi.