Uzamivu wa Uhasibu na Masharti Yake

Shahada ya uzamivu katika uhasibu hutolewa kwa mtu aliyewathibitishia watahini kwamba ameongeza jambo ambalo halikujulikana katika elimu ya uhasibu. Sharti hilo moja ndilo linalobeba mengine yote: vyeti vya kuingilia, kozi, mitihani, makala za majarida na tasnifu yenyewe. Anayedhani kwamba miaka hiyo ni ya kujifunza mizania ngumu zaidi, au ya kurudia viwango vya kimataifa kwa undani kuliko alivyovisoma kwenye cheti cha taaluma cha CPA, hupotea njia mapema.

Mfano maarufu wa jambo jipya katika fani hii ni wa mwaka 1968. Ray Ball na Philip Brown walichukua takwimu za kampuni 261 zilizokuwa katika soko la hisa la New York, wakalinganisha faida zilizotangazwa na mwenendo wa bei za hisa. Walikuta kwamba bei hufuata mwelekeo wa faida, maana yake hesabu zina habari ya kuwafaa wawekezaji. Walikuta pia kwamba sehemu kubwa ya habari hiyo soko lilikuwa limekwisha kuinusa miezi kadhaa kabla ripoti ya mwaka haijatoka. Kabla yao, maprofesa wengi wa uhasibu walikuwa wakibishana juu ya namna hesabu zinavyopaswa kuandikwa. Baada yao swali likawa jingine: hesabu zikishaandikwa, nani anazitumia, na zinabadilisha nini? Programu nyingi za uzamivu hadi leo hulea wanafunzi katika maswali ya namna hiyo.

Katika Afrika Mashariki, mwombaji kwa kawaida hutakiwa awe na shahada ya uzamili katika uhasibu, au katika fedha au biashara yenye mchepuo wa uhasibu, kutoka chuo kinachotambuliwa. Tanzania, shahada iliyopatikana nje ya nchi hupelekwa kwanza Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ili itambuliwe. Alama za uzamili ziwe nzuri, na ni heri uzamili huo uwe na tasnifu ndani yake. Aliyesoma kozi tupu anaweza kutakiwa kujaziliza masomo ya mbinu za utafiti. Marekani utaratibu ni tofauti kidogo. Vyuo vingi huko vinaweza kumpokea hata mwenye shahada ya kwanza, vikapima uwezo wake kwa mitihani kama GMAT au GRE, na huangalia sana alama zake za hisabati, takwimu na uchumi.

Cheti cha CPA, ambacho Tanzania hutahiniwa na bodi ya wahasibu, NBAA, na Kenya hutahiniwa na bodi ya mitihani, KASNEB, mara nyingi si sharti la kuingilia, na hakichukui nafasi ya uzamili. Faida yake ni nyingine. Mtu aliyewahi kukagua vitabu vya halmashauri au vya SACCOS anajua mahali ambapo hesabu hupindishwa, na maswali mazuri ya utafiti hutoka hapo. Hata hivyo, uzoefu huo una mtego wake. Mkaguzi amezoea kufungua kiwango na kutafuta jibu sahihi. Mtafiti huanza pale ambapo kiwango hakina jibu, au ambapo jibu lililoandikwa halifuatwi.

Pamoja na vyeti, mwombaji hupeleka andiko dhana, kurasa chache tu zinazoeleza anataka kuchunguza nini. Andiko hilo huamua mengi kuliko vyeti, kwa sababu ndilo linalompatia msimamizi. Chuo kinaweza kuwa na nafasi, ada ikawa tayari, na mwombaji akakataliwa kwa sababu hakuna profesa anayeifahamu mada yake. Kwa hiyo busara ni kusoma machapisho ya wahadhiri wa idara husika kabla ya kuandika mstari wa kwanza, kisha kuomba mahali ambapo mada ina mwenyewe.

Baada ya kusajiliwa, njia hugawanyika kuwa mbili. Marekani mwanafunzi hukaa darasani miaka miwili hivi akisoma nadharia ya uchumi, takwimu, ikonometriki na semina za uhasibu, kisha hufanya mtihani mkubwa wa jumla. Akiufaulu ndipo anapoanza tasnifu, na safari nzima huchukua miaka minne au mitano, wakati mwingine zaidi. Wanafunzi wengi huko hawalipi ada. Hupewa posho na kusaidia kufundisha au kufanya utafiti wa maprofesa. Kwa desturi ya Uingereza, ambayo vyuo vingi vya Afrika Mashariki viliirithi, mwanafunzi huingia moja kwa moja kwenye utafiti. Siku hizi vyuo kadhaa vya kwetu vimechanganya desturi hizo mbili, na ni mabadiliko mema, maana mwanafunzi aliyeachwa peke yake na takwimu asizozimudu huishia kumlipa mtu amfanyie uchambuzi. Mbele ya watahini hushindwa kuutetea.

Hatua inayofuata ni pendekezo la utafiti. Mwanafunzi hueleza tatizo, hupitia machapisho yaliyotangulia, huchagua nadharia, huonyesha mbinu na data atakayoitumia, kisha hulitetea mbele ya jopo la idara. Nadharia ya wakala hutumika sana: mwenye mali na meneja wake hawana maslahi yaleyale, na hesabu pamoja na ukaguzi ni njia ya mmoja kumchunga mwingine. Wapo wanaoibandika nadharia hiyo kwenye kila mada, hata pale ambapo mwenye duka na meneja ni mtu mmoja. Jopo makini hulikamata kosa hilo mapema.

Hata hivyo, hakuna sharti gumu kama data, na hili halimo kwenye fomu yoyote ya maombi. Mtafiti wa Marekani anazo kampuni kwa maelfu, na hesabu zake za miongo mingi zimo kwenye kanzidata. Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza kuuza hisa mwaka 1998, kampuni zilizoorodheshwa kwa miaka mingi zimekuwa hazifiki 30. Nairobi ni sitini na kitu. Mbinu moja ya kupanua sampuli ni kuzifuata kampuni zilezile kwa miaka kadhaa: kampuni 20 kwa miaka 10 hutoa mistari 200 ya takwimu. Hiyo inatosha kwa baadhi ya maswali, lakini haitoshi kwa yote.

Ndiyo maana kunakili maswali ya Marekani na kuyapeleka Dar es Salaam hakuzai matunda. Data ya kwetu iko kwingine. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya Tanzania hutoa ripoti kila mwaka, zenye hati zinazoridhisha, hati zenye shaka na hati zisizoridhisha za halmashauri na mashirika ya umma. Humo mna malighafi ya tasnifu nyingi. Mashine za kielektroniki za kutolea risiti zilianza kutumika Tanzania mwaka 2010. Je, zimebadilisha namna wafanyabiashara wadogo wanavyotunza kumbukumbu, au zimebadilisha tu namna wanavyouza bila risiti? Swali kama hilo haliwezi kujibiwa kutoka kwenye kanzidata ya New York. Humtaka mtafiti aende kwenye soko la Kariakoo, apate ridhaa ya wahojiwa, atunze siri ya vitabu vyao, na atafsiri hojaji yake kwa Kiswahili kinachoeleweka dukani, ingawa tasnifu yenyewe itaandikwa kwa Kiingereza. Vibali navyo havikwepeki: Kenya mtafiti hupata leseni ya tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, kabla ya kukusanya data, na ofisi nyingi za umma Tanzania hazifungui jalada bila barua rasmi.

Kisha huja makala. Miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya ya mwaka 2014 iliweka muda wa masomo usiopungua miaka mitatu, na kumtaka mwanafunzi wa uzamivu achapishe makala mbili kwenye majarida yenye wahakiki. Sharti hili limezaa biashara ya majarida yanayochapisha chochote kwa malipo, bila uhakiki wowote. Makala iliyotoka huko haimsaidii mtu mbele ya jopo linaloyajua majarida ya fani, kama The Accounting Review, linalochapishwa tangu 1926. Uhakiki wa kweli huweza kuchukua mwaka mzima au zaidi, kwa hiyo anayesubiri tasnifu iishe ndipo aanze kuandika makala hujicheleweshea mahafali mwenyewe.

Tasnifu ikikamilika hupitishwa kwenye programu ya kukagua wizi wa maandishi, halafu hupelekwa kwa watahini wa ndani na wa nje ya chuo. Utetezi wa mdomo hufuata. Ni wachache wanaopita bila kusahihisha chochote. Wengi hupewa marekebisho, madogo au makubwa, na wengine hutakiwa kuiwasilisha upya. Kufeli moja kwa moja hutokea mara chache, maana msimamizi mwangalifu haruhusu kazi mbovu ifike huko.

Katika vyuo vikuu vya umma vya Tanzania, shahada hiyo humfungulia mhadhiri msaidizi mlango wa kuwa mhadhiri. Katika taaluma yenyewe nguvu yake ina mpaka: daktari wa uhasibu ambaye hajasajiliwa na NBAA kama mkaguzi haruhusiwi kutia saini hati ya ukaguzi wa hesabu za kampuni, hata kama vitabu vyote vya ukaguzi vinavyosomwa chuoni ameviandika yeye.